Kizuri Chajiuza, Lakini Sharti Kionekane
Safari mbili za seremala wa Matai kwenda kwenye maonyesho

Mithali yetu yasema: Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nimeisikia mithali hiyo tangu utotoni, wala sikupata kuitilia shaka. Lakini mwezi wa Julai, mwaka 2023, ilitamkwa mbele yangu katika karakana moja hapa Matai, nayo nusura izuie safari ya mtu.

Mwenye karakana ni seremala, jirani yangu. Jina lake nitaliacha, kwa kuwa hapendi kutajwa, nitamwita fundi. Mikono yake ni mizuri, na tena ana kichwa cha kubuni. Maseremala wengi hungoja mteja alete picha, nao huiga. Huyu hukaa kimya, akachora chini kwa kijiti, akafuta, akachora tena, mpaka apate umbo ambalo hakulitazama popote. Viti vyake vina mikono mipana, hata mtu aweza kuweka kikombe cha chai juu yake bila kuogopa. Hilo alilibuni yeye mwenyewe, alipoona wageni wanaweka vikombe sakafuni na watoto wanavipiga teke.

Basi mwaka ule ilitangazwa kwamba maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, ngazi ya taifa, yatafanyika Mbeya katika Uwanja wa John Mwakangale. Fundi akasema, "Karani, mimi nakwenda. Twende wote, wewe unishikie daftari la hesabu." Nikakubali.

MZEE NA MITHALI YAKE

Mzee mmoja alikuwa ameketi pale karakanani akiota jua, maana Julai baridi ya Ufipa huuma. Akatikisa kichwa, akasema, "Wanangu, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kama kabati lako ni zuri, watu watalifuata hapa hapa Matai. Ukilibeba kwenda Mbeya, watasema limekosa mnunuzi kwao."

Fundi alinyamaza siku mbili. Mimi nami nilinyamaza, kwa kuwa mzee alisema kwa nia njema. Siku ya tatu nikaenda kumwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamwuliza habari za zamani, za malungu. Wasomaji walio mbali hawajui pengine kwamba Wafipa wa kale walikuwa wafua chuma hodari. Walijenga tanuru ndefu za udongo, zenye kimo kupita mtu, ndizo malungu, wakayeyusha humo mawe ya chuma. Mabaki ya tanuru hizo yangali yakionekana huku na huko katika nchi yetu. Vile vile walifuma nguo za pamba zilizoitwa seketa.

Nikasema, "Mzee, majembe yale yalikaa kwenye malungu yakingoja wanunuzi?"

Akacheka. "La, yalibebwa. Watu walikwenda nayo mbali kubadilishana mali."

"Nayo yalikuwa mabaya?"

Mzee alinitazama kitambo, kisha akasema, "Karani, wewe umekuja kunitega." Lakini jioni ile akamwambia fundi, "Nenda, mwanangu. Ila uangalie mfuko wako."

Neno hilo la mfuko lilikuwa la kweli kuliko tulivyodhani.

KABATI LILILOTULEMEA

Fundi hakuwa na akiba. Aliuza ng'ombe mmoja wa jembe kwa shilingi 700,000. Msomaji mkulima ataelewa uzito wa jambo hili: ng'ombe wa jembe hufanya kazi wawili wawili, na akibaki mmoja, jembe limekufa. Mama watoto wake hakusema neno; alikwenda tu kumtazama yule aliyebaki zizini.

Tukapakia kabati kubwa la mninga lenye vioo, meza moja, viti vinne na vigoda viwili juu ya lori la mahindi. Kutoka Matai hadi Sumbawanga ni lami, na kutoka Sumbawanga hadi Tunduma ni lami vile vile, zaidi ya kilometa 220 kupitia Laela. Wazee wetu waliokuwa wakikaa njiani siku mbili tatu wakati wa masika wangeshangaa. Hata hivyo, barabara nzuri haimfundishi mpakiaji upole. Tulipofika Tunduma, mahali palipojaa malori yaendayo Zambia na Kongo, tulihamishia mizigo katika gari jingine, na hapo mguu mmoja wa kabati ukakatika na kioo kikapasuka. Fundi alisimama akautazama ule mguu kama mtu atazamaye mtoto aliyeanguka.

Mbeya alikesha akiunga mguu. Tulipewa pembe katika banda moja la wilaya. Watu walikuja kwa maelfu. Kulikuwa na mbegu, matrekta, mitambo ya kusindika alizeti, samaki katika mabwawa, na ng'ombe wa maziwa wenye viwele kama vikapu. Tarehe 8 Agosti, siku ya kilele, Rais Samia Suluhu Hassan alikuwapo.

Wengi walisimama kwenye pembe yetu. Walipapasa mninga, wakaweka mikono yao juu ya mikono ya viti, wakacheka kwa furaha. Kisha kila mmoja aliuliza neno lile lile: "Nitakipelekaje nyumbani?" Mmoja alikuwa ametoka Makete, mwingine Njombe, mwingine Ileje. Wote walikuja kwa basi. Tuliuza vigoda viwili tu. Siku ya mwisho fundi aliliuza kabati kwa bei iliyo chini ya gharama ya mbao zake, ili asilipe tena nauli ya kulirudisha. Meza na viti tulivirudisha.

Tulirudi na shilingi 310,000. Mvua zilipoanza Novemba, fundi aliazima ng'ombe wa jirani, na mwenye ng'ombe hulima kwake kwanza. Shamba la fundi lililimwa kwa kuchelewa, na mahindi yake yakawa mafupi. Watu wakaikumbuka mithali, wakaitamka kwa sauti.

NENO LA MAMA WATOTO

Ilipofika Februari 2024, fundi alianza tena kuchora chini kwa kijiti. Mkewe akaona. Nilikuwapo nimekwenda kuazima msumeno, nami nilisikia mazungumzo yao.

"Baba watoto, wataka kwenda tena?"

"Nataka, lakini sina la kuuza."

"Wewe ulikwenda Mbeya umebeba nyumba mgongoni kama konokono. Hebu niambie: tulipohama kutoka kule kwa baba yako, kitanda tulikibebaje?"

"Tulikifungua."

"Basi mbona kiti chako hakifunguki?"

Fundi alicheka, kisha akaacha kucheka. Mikono yake ikaanza kucheza hewani kama ya mtu anayefunga nati. Kwa muda wa wiki tatu taa ya karakana ilikuwa ikiwaka usiku.

Kazi haikuwa rahisi. Kiti cha kawaida hushikwa kwa gundi: ulimi wa mbao huingia katika tundu, gundi ikakauka, basi hakitoki tena. Kiti kinachofunguka chahitaji bolti, na bolti ikikaa vibaya kiti huyumba kama mlevi. Kiti cha kwanza kiliyumba. Cha pili kilikuwa imara, lakini kilihitaji bolti 16, na nani atakaa kuzifunga zote? Cha tatu kilikuwa na bolti nane, mikono mipana kama kawaida, na vipande vyake vyote vilifungika pamoja kama mzigo mdogo wa kuni.

Mama watoto akachukua mkopo katika kikoba chao cha wanawake, shilingi 450,000, kwa jina lake mwenyewe. Ulitakiwa kurudishwa mwisho wa Julai pamoja na faida ya shilingi 45,000. Safari hii fundi hakuuza mnyama. Aliweka rehani heshima ya mkewe mbele ya wenzake. Hilo, aliniambia baadaye, lilimwogopesha kuliko ng'ombe.

SEREMALA WA BOPPARD

Hapa naomba ruhusa nikuchukueni mbali kidogo, kwa kuwa baadaye nilisoma habari iliyonishangaza.

Katika nchi ya Ujerumani, kando ya mto Rhine, pana mji mdogo uitwao Boppard. Hapo alizaliwa mwaka 1796 seremala aitwaye Michael Thonet. Alibuni njia ya kukunja mbao kwa joto na mvuke zikawa kama upinde. Mwaka 1841 alipeleka viti vyake kwenye maonyesho katika mji wa jirani, Koblenz. Pale vilionwa na Metternich, mkuu wa serikali ya Austria, naye akamwita Vienna. Mwaka 1851 viti vya Thonet vilipelekwa London, kwenye yale maonyesho makubwa yaliyokusanya vitu vya mataifa mengi chini ya jumba la vioo. Watu wapatao milioni sita waliyatembelea. Thonet akapata medali.

Lakini jambo kubwa lilikuja mwaka 1859. Alitengeneza kiti, namba 14, chenye vipande sita tu vya mbao, skrubu kumi na nati mbili. Viti 36 vilivyofunguliwa viliingia katika sanduku moja la meta moja kila upande. Kwa hiyo viliweza kupakiwa melini na kufungwa huko vilikofika. Hata mwaka 1930 vilikuwa vimeuzwa yapata milioni 50.

Mama watoto wa Matai hakupata kusikia jina la Thonet. Lakini shida ile ile, ya kitu kizuri kisichobebeka, ilimpeleka kwenye jibu lile lile. Ndiyo maana nasema akili haina kwao. Kinachokosekana mara nyingi ni njia ya kuonekana.

VITI NDANI YA MAGUNIA

Mwisho wa Juni 2024 tulianza safari ya Dar es Salaam, kwenye maonyesho ya biashara ya kimataifa ambayo watu wote huyaita Sabasaba. Mimi nauli yangu nililipa mwenyewe, maana nilikuwa na dada yangu Temeke niliyetaka kumwona, naye alitupa mahali pa kulala.

Viti 12 viliingia katika magunia matatu na kukaa ndani ya buti la basi. Utingo alipouliza ni nini, fundi alijibu, "Sebule." Utingo hakuamini mpaka alipopapasa.

Njia ni ndefu, zaidi ya kilometa 1,100 kutoka Sumbawanga. Mbeya tuliipita mchana, Makambako na Mafinga penye misitu ya misindano, Iringa juu ya kilima chake, kisha tukateremka Kitonga gizani, abiria wote kimya. Mikumi tuliona macho ya wanyama yaking'aa kando ya barabara. Tulishuka Mbezi katika stendi ya Magufuli, na mara joto likatushika kama blanketi bichi. Fundi alikuwa amevaa sweta lake la Matai.

Joto hilo lilitaka kutuangamiza. Asubuhi tulipofungua magunia uwanjani, barabara ya Kilwa, viti viwili vilikataa kufungika. Ndimi za mbao hazikuingia kwenye matundu. Fundi alijaribu kwa nyundo, akasimama, jasho likimtiririka. Jirani yetu katika banda, kijana seremala aliyesomea ufundi VETA, akaja akatazama. Akasema, "Shikamoo, baba. Mbao zako zimekauka kwenye baridi ya juu. Huku pwani zinakunywa unyevu wa hewa, zinavimba." Akatoa patasi yake na msasa, wakapunguza ndimi pamoja. Kabla ya saa nne viti vyote vilikuwa vimesimama. Fundi alichora jambo lile katika kidaftari chake: ukitengeneza kwa ajili ya pwani, acha nafasi ya mbao kupumua.

BANDANI

Mwaka ule Sabasaba ilikuwa ya 48, na tarehe 3 Julai ilifunguliwa rasmi na Filipe Nyusi, aliyekuwa Rais wa Msumbiji wakati ule. Jina lenyewe latokana na tarehe 7 Julai, siku TANU ilipozaliwa mwaka 1954. Kwa miaka mingi Sabasaba ilikuwa sikukuu ya wakulima, kabla heshima hiyo haijahamishiwa Nane Nane.

Mchana fundi aliniachia viti akaenda kuzunguka. Alikaa sana katika banda la Jeshi la Magereza, ambalo samani zake husifiwa kila mwaka. Aliporudi alikuwa mpole. Akasema, "Karani, nimeona viungo vya mbao kule ambavyo mimi sivijui. Nilidhani najua." Akakaa kitambo, kisha akaongeza, "Lakini mikono ya viti vyao ni myembamba."

Wanunuzi walianza polepole. Siku ya kwanza hakuna. Siku ya pili hakuna. Usiku fundi hakula. Alihesabu siku zilizobaki mpaka mwisho wa Julai. Siku ya tatu akapata wazo. Aliacha kuwaonyesha watu kiti kilichosimama. Badala yake alikaa na mzigo wa vipande, akakifunga kiti mbele ya macho yao, akaketi, akaweka kikombe cha chai juu ya mkono wa kiti, akanywa, akainuka, akakifungua tena. Watoto walipiga makofi. Mama mmoja akasema, "Kifunge tena, baba, nione." Naye ndiye aliyenunua cha kwanza, akaondoka nacho kwapani.

Kila kiti kilikuwa na alama chini, iliyochomwa kwa chuma cha moto: MATAI. Wengi walipokigeuza waliuliza, "Matai ni wapi?" Hapo fundi alisahau biashara. Aliwaambia habari za nyanda za juu za Ufipa, za baridi na mahindi, na za maporomoko ya Kalambo, mpakani na Zambia, ambako maji huanguka zaidi ya meta 200 kwa mruko mmoja. Mtu mmoja akasema, "Mimi nimeishi Tanzania miaka 50, sikulijua jina hili."

Si yote yaliyopendeza. Alikuja kijana mwenye futi ya chuma na simu, akapiga picha kila upande, akapima mguu na mgongo, akaenda zake bila kununua. Fundi alikasirika akataka kumfuata. Yule jirani seremala akamshika mkono. "Baba, huyo ataiga kiti cha mwaka huu. Wewe mwakani utakuwa na kingine. Lakini jina lako andikisha." Akamweleza kwamba jina la biashara na alama ya biashara huandikishwa kwa wakala wa serikali aitwaye BRELA. Fundi hakuwa amepata kusikia jambo hilo katika miaka yote ya kazi yake.

Siku moja kabla ya kurudi tulikwenda Kariakoo kulitazama soko kuu kwa nje, maana liliungua Julai 2021 na lilikuwa likitengenezwa. Lilichorwa na msanifu Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Paa lake ni la zege, lenye maumbo kama miavuli iliyogeuzwa. Fundi alilitazama mpaka shingo ikamwuma. Akasema, "Huyu naye alianza kwa kuchora."

HESABU YA SAFARI

Mimi ni karani, basi nitawapa hesabu kama ilivyo. Mbao na bolti, shilingi 180,000. Nauli na mizigo, 160,000. Fungu la banda, 80,000. Chakula, 30,000. Jumla 450,000, mkopo wote. Tuliuza viti tisa kwa shilingi 70,000 kila kimoja, tukapata 630,000. Kikoba kililipwa 495,000 siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi. Zikabaki shilingi 135,000, na viti vitatu.

Kwa kazi ya miezi minne, fedha hizo ni kidogo. Mtu mwenye haraka angesema safari haikufaa. Lakini mwenye mgahawa mmoja wa Temeke aliagiza viti 20, akatoa malipo ya kwanza, na kufika Oktoba vilikuwa vimekwisha kupelekwa, magunia matano ndani ya basi, bila fundi kusafiri. Novemba zizi lilikuwa na ng'ombe wawili. Mama watoto alikwenda kuwatazama kama alivyomtazama yule mmoja, ila safari hii alikuwa akiimba.

Yule mzee wa mithali alipewa kiti kimoja kati ya vile vitatu. Alikipokea, akakigeuza, akasoma alama, akaketi. Nikamwuliza kuhusu mithali yake. Akasema, "Mithali haina kosa. Chajiuza, ndiyo. Lakini sharti kwanza kionekane."

Wazazi wapendwa, vijana wetu wengi hubuni vitu vizuri: mama afumaye vikapu, kijana aundaye mkokoteni mwepesi, binti ashonaye nguo. Mmoja wao akiomba kwenda kuona maonyesho, msimwite mzururaji. Mwulizeni mambo manne: Kitu chako chabebeka? Bei yake umeiandika? Fedha ya kurudi unayo? Na je, umeshauriana na watu wa nyumbani kwako? Aanze karibu, Sumbawanga kabla ya Mbeya, Mbeya kabla ya Dar es Salaam, na aende kwanza kuuliza ofisi ya SIDO, ambayo tangu mwaka 1973 kazi yake ni kuwasaidia wenye viwanda vidogo.

Swali la nne lisisahauliwe. Fundi wetu alikwenda mbali kutafuta maarifa, akayapata. Lakini lile lililomwokoa lilitoka jikoni kwake.